Nukta, mshangao na dukuduku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu alama za uandishi kwenye meseji

Mtu anapozungumza, kiimbo chake, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, ndicho kinachotuambia kama anauliza, anaamuru, anatania au amenuna. Kwenye meseji kiimbo hakipo. Kazi yake yote inaangukia alama chache: nukta, mkato, kiulizi, mshangao, dukuduku (nukta tatu), herufi kubwa na emoji. Majibu yaliyo hapa chini yanahusu soga za Kiswahili hasa, kwa sababu Kiswahili kina mitego yake ambayo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya lugha nyingine hauigusi kabisa.

Kwa nini "Sawa." yenye nukta husomwa kama hasira?

Kwa sababu nukta hiyo haina kazi ya kisarufi. Katika barua au kitabu, nukta hutenganisha sentensi na sentensi. Kwenye soga, kitendo cha kutuma kimeshafanya kazi hiyo: ujumbe ukiondoka, sentensi imekwisha na kila mtu anaona kuwa imekwisha. Msomaji akikuta nukta juu ya hapo, anajiuliza imewekwa ya nini, na jibu linalomjia haraka ni kwamba umefunga mlango.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2015 Celia Klin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walichapisha utafiti ambao wanafunzi 126 walisoma mialiko mifupi iliyojibiwa kwa neno moja. Majibu yenye nukta yalionekana hayatoki moyoni kama yale yasiyo na nukta. Majibu hayohayo yalipooneshwa yameandikwa kwa mkono kwenye karatasi, nukta haikubadilisha chochote. Maana yake ni kwamba ukali hautoki kwenye nukta yenyewe, unatoka kwenye mahali ilipowekwa.

Tazama neno moja linavyogeuka:

- Sawa (nimesikia, tuendelee)
- Sawa. (nimesikia, na tuishie hapo)
- Sawa! (nimelipokea kwa furaha)
- Sawa? (tumeelewana?)
- Sawa... (nimekubali, ila moyo haujaridhia)
- sawaaa (nimekubali kwa mzaha, au nimekubali baada ya kubembelezwa)

Kuna sharti moja ambalo watu hulisahau, nalo ndilo kubwa kuliko yote: mazoea ya mtumaji. Anayeweka nukta kwenye kila ujumbe, hata wa "Nipo njiani.", nukta yake haisemi kitu, ndivyo anavyoandika. Lakini aliyekuandikia "sawa" tupu kwa miezi sita, kisha leo akaandika "Sawa.", huyo huenda amesema jambo. Kwa hiyo kabla ya kukasirika, pandisha soga juu usome meseji zake kumi au ishirini zilizopita. Ukikuta nukta kila mahali, lala usingizi wako.

Basi niache kuweka nukta kabisa?

Hapana. Iache mwishoni mwa ujumbe wa maneno machache unaoutuma kwa mtu mliyezoeana. Kwingine ina kazi.

Ujumbe wenye sentensi mbili au zaidi unahitaji nukta katikati, na mara nyingi hata ya mwisho haitaonekana kali kwa kuwa imekaa na wenzake. Maelekezo, namba, tarehe na masharti ya malipo yanataka nukta ili mtu asiunganishe vitu viwili visivyohusiana. Na kuna meseji za huzuni. Hapo nukta inaleta utulivu na heshima ambayo alama nyingine haiwezi kuileta. "Tumepokea habari za msiba kwa huzuni. Poleni sana." Jaribu kuweka mshangao kwenye "Poleni sana!" uone jinsi ujumbe unavyochangamka mahali pasipotakiwa uchangamfu. Jaribu kuacha wazi, "poleni sana", uone unavyofanana na kitu kilichoandikwa mtu akiwa mbioni. Kwa mfiwa, weka nukta bila wasiwasi.

Kiulizi kina umuhimu gani? Si mtu ataelewa tu kuwa nauliza?

Mara nyingi hataelewa, na hapa ndipo Kiswahili kinapohitaji uangalifu kuliko lugha nyingi. Kuna lugha ambazo hugeuza mpangilio wa maneno zinapouliza swali la ndiyo au hapana. Sisi hatugeuzi. "Umelipa" na "Umelipa?" ni maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, tofauti yote iko kwenye sauti inayopanda mwishoni. Kwenye maandishi sauti hiyo ni kiulizi peke yake. Ukikiacha, umefuta swali.

Madhara yake si ya kinadharia. Chukua mtu anayeuza kitu kwa njia ya simu. Anamwandikia msaidizi wake "Pesa imeingia", akikusudia kuuliza. Msaidizi anasoma taarifa: pesa imeingia. Anaachia mzigo. Hakuna aliyekosea sarufi, hakuna aliyedanganya, ila alama moja haikuwekwa. Mtego huohuo uko kwenye "Nije" (nije? au nakuja?), "Tunaonana kesho", "Wamekubali", "Dawa ameshameza".

Dawa ya kweli ni kutotegemea alama peke yake pale jambo linapokuwa zito. Anza na "Je": "Je, pesa imeingia?" Hata kiulizi kikidondoka, "Je" itabaki inauliza. Au malizia na "au bado?": "Pesa imeingia au bado". Hiyo haiwezi kusomwa kama taarifa hata na msomaji mwenye haraka.

Kwa maswali yenye neno la kuuliza ndani yake, yaani nani, nini, lini, wapi, gani, vipi na -ngapi, hali ni tofauti. Swali linaeleweka bila alama, kwa hiyo alama inageuka kuwa ya hisia. "Uko wapi" ni swali la kawaida la njiani. "Uko wapi?" ni swali lililosimama wima. "Uko wapi??" tayari linanung'unika.

Kuna pia lile "si" la kumkumbusha mtu. "Si nilikwambia?" linamtaka mwenzako akubali. "Si nilikwambia!" linashangilia au linalaumu, kutegemea kilichotokea. "Si nilikwambia." ni lawama tupu, tena iliyopoa. Kama unatania, hiyo ya mwisho usiitume.

"??" na "?!" zinasemaje?

Viulizi viwili vinasema "mbona hujibu" au "hebu nieleze vizuri". Kwa rafiki, sawa. Vikitumwa peke yake kama ujumbe kamili, baada ya swali ambalo halijajibiwa, husomwa kama kugonga mlango kwa ngumi. Badala yake andika "Umeuona ujumbe wangu wa juu?" Ni maneno matano, na hayamdhalilishi mtu.

"?!" inachanganya swali na mshtuko: "Ameacha kazi?!" Inafaa kwa habari ya mtu mwingine. Ikielekezwa kwa unayemwandikia, "Umeacha kazi?!", inaanza kufanana na karipio.

Mshangao mmoja, miwili au mitatu?

Kabla ya kuhesabu, tazama neno linaloshikwa na mshangao.

Kwenye shukrani, salamu na pongezi, mshangao huongeza joto: "Asante!", "Hongera!", "Karibu!" Kwenye kitenzi cha kuamuru, mshangao huongeza amri: "Njoo!", "Tuma!", "Soma!" Watu wengi huweka alama hii kwenye maombi yao wakidhani wanachangamsha, kumbe wanafoka. "Tuma ile risiti!" ni sauti ya msimamizi aliyechoka. Geuza kitenzi kwanza, kisha ndipo uamue alama: "Naomba unitumie ile risiti" haihitaji mshangao wala nukta. Ukitaka joto, liweke kwenye shukrani inayofuata: "Naomba unitumie ile risiti, asante!"

Idadi hutegemea mliyezoeana naye. Mmoja kwenye ujumbe wa kikazi, na si kila ujumbe. Mitatu ni shangwe ya kweli, "Umefaulu!!!", na hapo ukiweka mmoja tu unaweza kuonekana hukufurahi vya kutosha. Hatari iko kwenye kupungua. Mtu uliyemzoesha "Asante sana!!!" kila siku, siku ukimwandikia "Asante" ataanza kutafuta kosa lake. Anza kwa kiasi ambacho utaweza kukidumisha.

Kwa nini nukta tatu huwatia watu wasiwasi?

Jina lenyewe linajibu. Kwa Kiswahili alama hii (...) huitwa dukuduku, na dukuduku ni neno lilelile la jambo linalomkaa mtu rohoni bila kutoka. Alama inasema: kuna neno nimelibakisha. Msomaji analazimika kulijaza mwenyewe, na mtu mwenye wasiwasi hujaza baya.

"Tuongee kesho..." kutoka kwa mkuu wa kazi ni mfano mzuri. Huenda anataka tu kupanga ratiba. Aliyeupokea hatalala. "Tuongee kesho kuhusu ratiba" ingemaliza kila kitu kwa maneno mawili ya ziada.

Ugumu unazidi kwa sababu dukuduku lina matumizi mawili yanayoishi pamoja. Baadhi ya watu, hasa waliozoea kuandika barua na kadi kwa mkono miaka mingi kabla ya simu, huliweka kama pumziko la kawaida kati ya wazo na wazo: "Nimefika salama... mvua ilikuwa kubwa... watoto wazima". Kwao ni kupumua tu, hakuna kilichofichwa. Waliokulia kwenye soga hutenganisha mawazo kwa kushuka mstari au kutuma ujumbe mwingine, kwa hiyo dukuduku limebaki na kazi moja tu kwao, ya kudokeza. Mzazi anaandika "Sawa mwanangu..." kwa upendo kabisa, mtoto anasoma "Sawa mwanangu, umenivunja moyo." Wote wawili wana haki kwa namna walivyojifunza. Ukijua unamwandikia mtu wa kundi la pili, tumia mkato au shuka mstari. Ukiandikiwa na mtu wa kundi la kwanza, soma dukuduku kama mkato.

Kuna mahali linapofaa sana: unapositasita kweli na unataka ionekane. "Sijui niseme nini..." kwa mtu aliyepatwa na jambo zito ni maandishi ya uaminifu. Na kabla ya habari njema inayocheleweshwa kwa makusudi, "Matokeo yametoka...", nalo ni raha, ilimradi usimweke mtu dakika kumi.

Kuandika kwa herufi kubwa ni kufoka?

Ndiyo, na desturi hiyo ina umri: ilikwisha kuzoeleka kwenye mitandao ya kompyuta miaka ya 1980, kabla ya simu kuanza kubeba meseji. Neno moja kwa herufi kubwa ndani ya sentensi ya kawaida ni mkazo tu ("Ni LEO, si kesho"). Sentensi nzima ni kelele, iwe ya hasira au ya shangwe. "NIMEPATA KAZI" haimkasirishi mtu.

Ukitaka mkazo bila kelele, WhatsApp inakubali herufi nzito: zungusha neno kwa nyota, *leo*, bila kuacha nafasi kati ya nyota na neno. Ukiacha nafasi, nyota zinabaki zinaonekana na neno halikolei. Mistari ya chini, _leo_, hutoa herufi za mlazo. Kwenye SMS ya kawaida haya hayafanyi kazi.

Mkato una hisia gani? Si ni wa kupumzikia tu?

Mkato hubadilisha maana kabla haujagusa hisia. "Hapana shida" ni ukarimu. "Hapana, shida" ni kilio. Ujumbe unasomwa kwa haraka na mtu anayetembea, na kitu hicho kidogo ndicho kinachomwambia aende au arudi.

Vilevile mkato unaonesha nani anaitwa na nani anatajwa. "Mama amefika" inamhusu mama. "Mama, amefika" inamwambia mama kuhusu mtu mwingine. "Usimwambie dada" na "Usimwambie, dada" zinaelekea pande mbili tofauti, na ya kwanza ikisomwa na dada mwenyewe kwenye kikundi cha familia, kuna kazi ya kueleza.

Upande wa hisia, mkato baada ya jina hulainisha: "Juma, naomba dakika mbili". Jina likifuatwa na nukta, "Juma.", ni mtu anayeitwa mbele ya wazazi.

Kurefusha irabu, kama "asanteee", kunafaa?

Kunafaa sana kati ya watu wa karibu, kwa kuwa ndiko kunakokaribia sauti halisi kuliko alama zote. "Poleee" ina ubembelezaji ambao "Pole!" haina. "Jamaniii" inalalamika kwa mapenzi.

Lakini kuwa makini, maana katika Kiswahili irabu mbili zinaweza kuwa neno jingine. "Simu imekufa" na "Simu imekufaa" ni habari mbili: moja imezimika, nyingine imekuwa na manufaa kwako. Mtu aliyekusudia kulia "imekufaa" kwa huzuni ataulizwa inamfaa kwa nini. Kanuni rahisi: refusha kwa irabu tatu au zaidi, kamwe si mbili, na refusha vihisishi na vielezi (jamani, sana, mno, pole) badala ya vitenzi.

Emoji inaweza kuchukua nafasi ya alama?

Inaweza, na mara nyingi ndiyo kazi yake kubwa. Emoji ikikaa mwishoni, inafunga sentensi na kueleza hisia kwa pamoja, kwa hiyo nukta haihitajiki tena. Linganisha "Sawa 🙂" na "Sawa. 🙂". Ya pili imefunga mlango kisha ikatabasamu dirishani, na wengi huisoma kama tabasamu la kulazimisha.

Wazo la sura ya maandishi lilizaliwa kutokana na shida hiihii ya kukosa kiimbo. Kwenye ubao wa majadiliano wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, utani kuhusu zebaki iliyomwagika kwenye lifti ulichukuliwa na baadhi ya wasomaji kuwa onyo la kweli. Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman akapendekeza :-) iwekwe kwenye utani, na :-( kwenye yasiyo utani. Ni nukta pacha, kistari na mabano, alama za uandishi zilizogeuzwa kuwa uso.

Tahadhari moja ya kiufundi: unachokiona si lazima ndicho anachokiona mwenzako. Unicode, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, hutoa namba na jina la emoji, mchoro hufanywa na kila kampuni kwa namna yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwaonesha watu emoji zilezile kama zinavyochorwa kwenye mifumo mbalimbali, na wakakuta watu hawakubaliani hata juu ya iwapo sura fulani ni ya furaha au ya karaha. Sura inayoonesha meno, 😁, ilikuwa mojawapo ya zilizoleta mkanganyiko. Kwa jambo lenye uzito, emoji isibebe maana peke yake. Andika neno, kisha iifuate.

Alama za mtajo zina ubaya gani?

Zinatia shaka. "Nimesikia 'unaumwa'" humwambia mtu kwamba huamini. Wanaozitumia kutilia mkazo tu huumiza watu bila kujua. Mkazo una nyota na herufi kubwa, alama za mtajo ziachie maneno uliyoyanukuu.

Mabano ni kinyume chake: hushusha sauti, kama mtu anayenong'ona pembeni. "Nitakuja (nikipata usafiri)" ni laini kuliko "Nitakuja nikipata usafiri", ambayo inasikika kama sharti.

Nitume ujumbe mmoja mrefu au vipande vingi vifupi?

Vipande huiga mazungumzo, na kila kimoja kinafanya kazi ya nukta bila ukali wake. Viwili hadi vinne kwa wazo moja vinatosha. Vikizidi, simu ya mwenzako inalia mfululizo na anaingiwa na hofu kabla hajasoma.

Mahali ambapo vipande ni vibaya ni habari mbaya na lawama. Usitume "Nataka kukuuliza kitu" ukasita. Usitume "Kuhusu jana" peke yake. Mpokeaji anaona maneno "anaandika" juu ya skrini yake na moyo unamwenda mbio. Andika yote, yasome, kisha tuma kwa mkupuo mmoja.

Kwa nini simu yangu inaweka nukta na herufi kubwa ambazo sikuziandika?

Kibodi nyingi zimepangwa hivyo. Ukigusa kitufe cha nafasi mara mbili, inaweka nukta. Ukianza sentensi, inaweka herufi kubwa. Anayegusa nafasi mara mbili kwa mazoea anajikuta anatuma "Sawa." bila kukusudia.

Kwenye iPhone, fungua mipangilio, ingia sehemu ya jumla, kisha kibodi, uzime njia ya mkato ya nukta na herufi kubwa za moja kwa moja. Kwenye Gboard, kibodi ya Google ya simu za Android, fungua mipangilio ya kibodi yenyewe na utafute sehemu ya kusahihisha maandishi, vitufe vyote viwili viko humo. Ukiwa hapo, ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi. Kibodi inayojua Kiingereza peke yake hugeuza maneno yetu kuwa yake, na neno lililogeuzwa huharibu ujumbe kuliko alama yoyote.

Kweli alama inaweza kuongeza gharama ya SMS?

Kweli. SMS moja hubeba herufi 160, ilimradi kila herufi imo kwenye alfabeti ya msingi ya GSM, mfumo wa mitandao ya simu za mkononi. Nukta, mkato, kiulizi, mshangao na ritifaa iliyonyooka (') zimo. Ritifaa iliyopinda (’), alama za mtajo zilizopinda, deshi ndefu, dukuduku lililoandikwa kama herufi moja (…) na emoji zote hazimo. Ikiingia hata moja tu, ujumbe mzima huhamia mfumo mwingine wenye nafasi ya herufi 70.

Kwa Kiswahili hili linauma mahali maalumu: ng'. Ukiandika "ng'ombe" kwenye simu inayopinda ritifaa yenyewe, ujumbe wa herufi 150 uliokuwa unatosha kwenye SMS moja unageuka kuwa SMS tatu, kwa kuwa ujumbe uliogawanywa hubeba herufi 67 tu kwa kila kipande. Anayetuma kwa watu mia tano ataliona kwenye salio. Kwenye iPhone zima alama zinazojipinda, ziko palepale kwenye mipangilio ya kibodi. Ukinakili maandishi kutoka kwenye programu ya kuandikia nyaraka, futa ritifaa na uziandike upya kwa mkono. Dukuduku nalo liandike kwa nukta tatu za kawaida.

Nitaoneshaje kuwa natania?

Usitegemee kwamba utani utajionesha wenyewe. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha majaribio ambayo watu walituma sentensi za kejeli na za kweli kwa barua pepe na kwa sauti. Watumaji walitarajia kueleweka karibu mara nane kati ya kumi kwa njia zote mbili. Kwa sauti walikaribia. Kwa barua pepe wasomaji walipatia zaidi kidogo tu ya nusu, yaani karibu sawa na kurusha sarafu. Chanzo ni kwamba mtumaji anaisikia sauti yake kichwani anapoandika, naye husahau kuwa mwenzake haisikii.

Kwa hiyo weka dalili mbili, si moja: irabu iliyorefushwa pamoja na kicheko, kwa mfano "wewe ndiye bosi bwanaaa hahaha". Kicheko cha "ha" kimoja ni dharau. "Haha" ni adabu. Kuanzia "hahaha" ndipo mtu anaamini umecheka. Kejeli kwa mtu usiyemzoea, au kwenye kikundi chenye watu wa kila namna, iache.

Nimeshatuma, na nimeeleweka vibaya. Nifanyeje?

Kwanza tazama saa. WhatsApp huruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tangu kutumwa, Telegram ndani ya saa 48. Ukihariri, alama ya kuwa umehaririwa itaonekana, na hilo halina ubaya: kiulizi kilichosahauliwa kirudishwe upesi. Usifute ujumbe. WhatsApp huacha maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na mwenzako atabaki anafikiria kilichokuwemo, ambacho kichwani mwake kitakuwa kibaya kuliko ulichoandika.

Muda ukiwa umepita, andika sentensi moja inayotaja alama yenyewe na maana yako: "Ile 'Sawa.' yangu ilikuwa sawa ya kawaida, nilikuwa barabarani". Usiongeze aya tatu za kujitetea, zinakuza jambo. Ukijibiwa tena kwa ukavu, piga simu, hata ya dakika moja. Hapokei? Rekodi ujumbe wa sauti wa sekunde ishirini, useme lilelile uliloliandika. Atakachokisikia safari hii ni kiimbo chako mwenyewe.